Hamduni Aliyefia Burma

Mwanahalima binti Hamduni alikuwa na miaka arobaini alipoambiwa kwamba baba yake alikufa miaka mitatu kabla yeye hajazaliwa.

Ilikuwa mwaka 1987, mjini Musoma. Ile dhiki ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni na kutia kiraka juu ya kiraka ilikuwa imeanza kulegea. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza tena kunukia vitambaa vipya, na watu walivuka mpaka wa Sirari kwenda Kisumu wakarudi na mizigo yao mchana kweupe. Mwanahalima alikuwa mshonaji. Mumewe alikwisha kufariki, watoto wake wawili walikuwa na miji yao, na yeye alibaki na cherehani moja ya miguu kwenye baraza ya nyumba aliyoachiwa na baba yake. Nyuzi, zipu na vifungo alivyouziwa pale mjini vilikuwa vimeshapita mikono mitano. Akaamua kuvifuata Kisumu mwenyewe. Lakini kuvuka mpaka kulitaka hati, hati ilitaka fomu, na fomu ikauliza baba wa mwombaji alizaliwa wapi.

Baba yake, Mzee Hamduni bin Sefu, fundi bati, hakuzaliwa Musoma. Alizaliwa Kasongo, kwa Wamanyema wa Kongo, na alifika Musoma mwaka 1931 kwa meli ya kutoka Mwanza, kijana mwenye nyundo na mkasi wa bati, yeye na mdogo wake aliyeitwa Nassibu. Hayo ndiyo yote aliyopata kuwaambia watu wa nyumbani kwake. "Tulikuja wawili," alikuwa akisema. Ukimuuliza huyo wa pili yuko wapi, aliokota nyundo akaendelea kugonga koroboi yake.

Alikuwa mtu mpole, wa msikitini, asiyegombana na jirani. Katazo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la ajabu kwa mtu aliyeishi ukingoni mwa ziwa: samaki waliotoka kijiji cha Murangi hawakuingia nyumbani kwake. Mama yake Mwanahalima, Bi Mwanaupe, hakununua sato wala dagaa mpaka amuulize mchuuzi wametoka wapi. Mwanahalima alikua akidhani ni mambo ya uchawi. Mzee alifariki mwaka 1981, wakati hata sanda ilipatikana kwa kibali, akamfuata mkewe aliyemtangulia, na siri yake akaenda nayo.

Karani aliyeshughulikia fomu aliitwa Clementi, mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakumdharau Mwanahalima wala hakumzungusha.

"Mama, leta karatasi yoyote inayoonyesha mzee alikuwa hapa kabla ya uhuru," alimwambia. "Hata stakabadhi ya kodi ya kichwa."

Mwanahalima akafungua sanduku la bati la baba yake. Stakabadhi zilikuwamo, zimefungwa kwa kitambaa, mwaka kwa mwaka. Alizipeleka zote bila kuzisoma. Clementi alizipanga mezani kama mtu anayecheza karata. Kuanzia mwaka 1932 mpaka 1942 mlipa kodi alikuwa Hamduni bin Sefu. Kuanzia 1943 mpaka uhuru alikuwa Nassibu bin Sefu.

Clementi akaingia stoo. Alikaa huko muda mrefu, akatoka na kitabu kilicholiwa na mchwa pembeni, orodha ya askari wa keya, jeshi la Waingereza, waliotoka wilayani kwenda kwenye vita vya Hitla. Akateremsha kidole, akakisimamisha.

"Hamduni bin Sefu. Fundi bati, Musoma. Amefariki Burma, 1944. Ndugu wa karibu: mdogo wake, Nassibu bin Sefu, Musoma." Akavua miwani. "Mama, wewe cheti chako cha shule kinasema umezaliwa 1947, na baba yako ni Hamduni."

"Baba yangu amezikwa hapa hapa mjini," Mwanahalima akasema. "Mwaka wa themanini na moja. Nilikuwapo."

"Sikatai. Lakini kitabu kinasema Hamduni alikufa vitani. Sasa mlimzika nani?"

Mwanahalima aliondoka pale na swali hilo akalilalia siku nne. Cherehani ilinyamaza. Kila alipoanza mshono aliuona ule uso wa mzee aliyemlea, aliyemkatia taa ndogo ya bati asome nayo, na sauti ikamwuliza: huyu alikuwa nani? Kama Hamduni alikufa, basi mtu yule alikuwa Nassibu, mdogo mtu, aliyejitia katika nyumba ya marehemu, akachukua mke, akachukua na jina. Na kama ndivyo, mama yake alijua? Watu wazima wote wa mtaa ule waliomwita "Hamduni" kila siku, nao walikuwa wakidanganya? Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Aliyebaki, jirani mmoja, alimwambia tu, "Mimi nilimkuta anaitwa Hamduni, nikamwita Hamduni."

Siku ya tano alirudi kwa Clementi, si kwa ajili ya hati tena.

"Katika kitabu hicho hakuna aliyerudi?" akauliza.

Alikuwapo. Jina la tatu chini ya Hamduni lilikuwa la Kwangu, mtu wa Butiama, wa kikosi kilekile, na Clementi alimfahamu. "Mzee yule bado ana nguvu. Juzi tu alikuja kudai mambo yake ya zamani hapa ofisini. Nenda."

Alipanda gari la mahindi mpaka Butiama. Alimkuta Mzee Kwangu nyuma ya boma lake, amemshika ndama sikio, anamtia dawa ya kidonda. Alikuwa mrefu, mkavu, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kizanaki. Mwanahalima alimwamkia, akasubiri ndama aachiliwe, kisha akamwambia alichofuata.

"Hamduni wa Musoma?" Mzee akafuta mikono kwa majani. "Namkumbuka sana. Kumbe ana mtoto huku mjini? Mimi nilijuaga mtoto wake ni yule wa Murangi."

Mwanahalima akakumbuka samaki waliokatazwa nyumbani. "Murangi?"

"Ndiyo. Sikiliza, binti yangu. Yule mtu alikuwa na jina la Kiislamu, lakini shingoni alivaaga rozari. Tulimchekaga sana. Chakula kikija, anafanya ishara ya msalaba. Jumapili yeye ndiye wa kwanza kwa padre wa jeshi. Nikamwuliza siku moja, wewe ni Hamduni gani unayesali Salamu Maria? Akaniambia, 'Kwangu, jina hili nimeazima.'"

"Aliazima kwa nani?"

"Hakusema. Nami sikuuliza, jeshini kila mtu ana lake. Alikufa kwa homa, si kwa risasi, karibu na mto mkubwa, mvua haikatiki. Aliniomba nikirudi nipite Murangi, nimwambie mke wake. Nikarudi mwaka wa arobaini na sita, nikapita." Mzee alitazama chini. "Nilifikiri napeleka salamu za mwisho tu, kwamba habari ya kifo ilishafika. Haikufika. Miaka miwili yule mama alikuwaga anamngoja maiti."

Mwanahalima alikaa juu ya gogo bila kukaribishwa. Rozari ile ilikuwa imemjibu swali moja na kumfungulia jingine. Aliyekufa Burma hakuwa baba yake. Aliyekufa ni Nassibu, aliyekwenda kwa jina la kaka yake, na baba yake Hamduni akabaki Musoma analipa kodi kwa jina la mdogo wake. Yule aliyemzika alikuwa baba yake kweli. Alitaka kufurahi, furaha ikakataa kuja. Maana sasa ilibaki barua ya jeshi, ya kuarifu kifo. Kitabu cha Clementi kilisema ndugu wa karibu yuko Musoma. Habari ya kifo ilikuwa imetumwa Musoma, kwa fundi bati.

"Yule mama yu hai," Kwangu akamwambia alipokuwa anaaga. "Na binti yake ana meza ya dagaa sokoni Bunda. Anaitwa Getruda."

Sokoni Bunda hakuhitaji kuuliza mara mbili. Getruda alikuwa mwanamke mnene kidogo, wa miaka arobaini na mitano, na alipoinua uso Mwanahalima aliliona paji la uso la baba yake, pana, lenye mstari mmoja katikati. Alijitaja jina na jina la baba yake. Getruda aliendelea kumpimia mteja wake dagaa, akamaliza, akafuta kopo kwa kitenge.

"Umechelewa, mdogo wangu," akasema. "Mama alisemaga, iko siku mtu wa Hamduni atakuja. Mimi nilishaacha kuamini."

"Sikujua. Wallahi, sikujua hata kama mpo."

Getruda alimtazama kwa kitambo, kama anayeangalia kama dagaa wamekauka sawasawa. Kisha akasogeza gunia. "Kaa. Jumamosi ninaenda nyumbani. Utakwenda na mimi, lakini mimi sitakusemea. Utasema mwenyewe."

Jumamosi walifika Murangi saa sita mchana. Wakati ule sangara walikuwa wamejaa ziwa, na kijiji kizima kilikuwa mbioni na samaki wale wakubwa. Bibi Dafroza hakuwa na habari na sangara. Alikuwa ameketi mlangoni kwake anachambua mtama, mwanamke wa miaka kama sitini na saba, mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyokwepa. Mwanahalima alipiga magoti, akamwamkia, "Shikamoo, mama mdogo."

Bibi alichambua konzi nyingine ya mtama kwanza, ndipo akasema, "Marahaba," kisha, "Kabla sijakuambia neno, nenda misheni ukasomewe kitabu. Mwanamke mzee akisema, watu wanasema amesahau. Kitabu hakisahau. Nenda, halafu urudi."

Katekista Alfonce aliwafungulia kabati. Kitabu kilikuwa kikubwa, cha jalada jeusi, kimeandikwa Kilatini na mapadre wa zamani, naye akawa anasoma na kutafsiri polepole. Mwaka 1938 alibatizwa kijana Nassibu, akaitwa Felisian, mzaliwa wa Kasongo, baba yake Sefu, mama yake Mauwa.

"Rudia hapo," Mwanahalima akasema.

"Mama yake Mauwa."

Hakuwa amewahi kulisikia jina la bibi yake. Alilikuta pale, katika kitabu cha Wakristo, limekaa miaka arobaini na tisa likimngoja.

Alfonce akafunua mbele. Mwaka 1940 Felisian Nassibu alimwoa Dafroza. Mahari ng'ombe wanane. Mtoa mahari: Hamduni, kaka wa bwana arusi, Mwislamu. Basi dini haikuwatenganisha. Kaka alikuwa ametoa ng'ombe wanane kwa jasho la bati ili mdogo wake aoe kanisani. Mwanahalima aliinama aone vizuri. Pembeni mwa ukurasa, mbele ya karibu kila jina, kulikuwa na msalaba mdogo na tarehe ya kufariki. Mbele ya jina la Felisian palikuwa peupe.

"Huyu hajafa?" akauliza.

"Kwa kitabu, hajafa," Alfonce akajibu. "Hakuna aliyepata kuleta karatasi."

Waliporudi, Bibi Dafroza alikuwa amekwisha kuweka mtama pembeni. Alizungumza akitazama ziwa, si watu.

"Watu wa chifu walikuja na majina mwaka wa arobaini na tatu. Jeshi lilitaka mafundi. Wakamwandika Hamduni. Mama yako Mwanaupe alikuwa amezika watoto wawili, na wa tatu yumo tumboni. Felisian akarudi kutoka Musoma, akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniambia, 'Kaka alinibeba mgongoni siku tatu tulipotoka Kasongo, mimi ni mtoto, nina homa. Angeniacha msituni, nani angemwuliza? Sasa nitambeba mimi.' Yeye mwenyewe aliijua kazi ya bati, hakuna ambaye angemshuku. Wakabadilishana majina na vyeti vya kodi vya mwaka ule."

"Wewe ulikubali, mama mdogo?"

"Nilikubali. Usiende kusema nilionewa. Getruda alikuwa na mwaka mmoja, nikakubali. Nilisema, vita itaisha, jina litarudishwa kwa mwenyewe." Akafukuza kuku aliyesogelea mtama. "Kilichoniuma ni kingine. Nilikwenda Musoma mara mbili kuuliza habari. Kila mara nilibeba samaki wa kukausha, wazuri, nimewachagua mmoja mmoja, maana unakwendaje kwa shemeji mikono mitupu? Akawapokea. Akasema, 'Hakuna habari bado, shemeji. Vita ni ndefu.' Na barua anayo ndani. Ndipo akaja yule askari wa Butiama. Nikaenda mara ya tatu, bila samaki. Nikamwuliza, barua ilikuja lini? Hakujibu. Aligonga bati. Aligonga, aligonga, mpaka nikaondoka."

Getruda alikuwa amesimama nyuma yao. Mwanahalima alimwona mawazoni baba yake, kijana wa wakati ule, barua chini ya godoro na samaki wa shemeji mezani, kila tonge linakataa kushuka. Alimhurumia, na papo hapo akaona aibu kumhurumia mbele ya mwanamke huyu. Mtu anaweza kuwa baba mwema miaka thelathini na minne na bado awe ameshindwa siku moja, kwa mtu mmoja, na siku ile isifutike.

"Mama mdogo," akasema, "sina la kumtetea."

"Sikukuuliza umtetee. Yule mtoto wa tatu alikaa?"

"Hakukaa. Wa nne ndiye mimi."

Bibi aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa, kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, kama mtu anayekagua kitu alichokilipia zamani na hakupata kukiona.

"Basi ni wewe," akasema. Akamwambia Getruda alete maji ya kunawa, mgeni ale.

Tangu siku ile Mwanahalima aliendelea kwenda Murangi, safari moja kila mwezi au miezi miwili. Alimshonea Bibi Dafroza gauni la Pasaka, akarudi nalo mara mbili kwa kuwa mikono haikumpendeza. Alimpeleka Mzee Kwangu misheni, kwa gari la kukodi kutoka Butiama, naye mzee akaeleza mbele ya padre na Katekista Alfonce alichokiona Burma. Padre alisikiliza, akauliza maswali machache, kisha akampa Alfonce kalamu. Pale palipokuwa peupe pakaandikwa, kwa Kiswahili safari hii: "Alifariki vitani Burma, 1944, akiitwa kwa jina la kaka yake Hamduni." Misa ya marehemu ilisomwa Jumapili iliyofuata. Mwanahalima alikaa nje ya kanisa, kwenye benchi, ushungi kichwani, akasikiliza kila neno.

Habari ya hati alikuwa ameiacha. Clementi alimwambia kwamba karatasi peke yake zimegongana mno, lazima apatikane mtu aliyemfahamu mzee tangu zamani, aape mahakamani kwamba Hamduni wa Musoma na yule Nassibu wa stakabadhi ni mtu mmoja. Mwanahalima alimjua mtu huyo, lakini ulimi ulimwia mzito. Utamwambiaje mwanamke aliyekosewa hivi, njoo umtolee ushahidi aliyekuficha kifo cha mumeo?

Bibi mwenyewe ndiye aliyeuliza. "Na ile safari yako ya Kisumu, iliishia wapi?"

Mwanahalima alimweleza, huku akitazama chini.

"Waliobaki wanaomjua Hamduni kuliko mimi ni akina nani?" Bibi akasema. "Hebu nitafutie viatu."

Alikwenda Musoma mwezi wa sita mwaka 1988, na gauni lile la Pasaka. Hakimu wa mahakama ya mwanzo alimpa Biblia, akamwapisha, akamwuliza ana uhusiano gani na baba wa mwombaji.

"Ni shemeji yangu," akajibu. "Alitoa ng'ombe niolewe. Mume wangu alikwenda vitani kwa jina lake, na yeye akabaki hapa kwa jina la mume wangu. Aliingia Musoma mwaka wa thelathini na moja, mtu yeyote wa umri wangu anajua. Andika."

"Bibi, una ugomvi wowote na marehemu?"

Mwanahalima alishika ukingo wa benchi.

"Ninao," Bibi Dafroza akasema. "Lakini hukuniuliza kama nampenda. Umeniuliza kama namjua."

Hakimu aliandika. Kabla ya mwezi kwisha Mwanahalima alipata hati yake, akavuka Sirari, akarudi na zipu gunia zima, na mwaka ule akaongeza cherehani ya pili. Getruda alihamishia nusu ya biashara yake Musoma, akawa anafikia kwa Mwanahalima, na watu wa mtaa wakazoea kuwaona wanawake wawili wenye paji moja la uso, mmoja wa rozari na mmoja wa tasbihi, wakibishana juu ya chumvi ya mchuzi.

Siku ile ya kiapo, walipotoka mahakamani, Mwanahalima alimwuliza bibi kama angependa kufika kwenye kaburi la baba yake, maana si mbali. Bibi alisimama akafikiri.

"Leo hapana," akasema. "Leo nimefanya la kunitosha."

Mwanahalima hakulirudia ombi lile. Lakini mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, mtunza makaburi alimsimamisha Mwanahalima njiani akamwambia kwamba alipata mgeni, bibi mdogo wa umbo, Mkristo kwa msalaba wake, ametoka mbali kwa miguu iliyojaa vumbi. Alitaka kuonyeshwa alipolala Hamduni fundi bati. Akauliza upande wa kichwa ni upi. Akakaa chini upande huo, akazungumza kwa Kijita kwa muda mrefu, mara kwa ukali, mara kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anayempa jirani habari za nyumbani. Kisha akainuka, akajikung'uta, akauliza magari ya Murangi yanaondokea wapi.

"Hakutaka nikuite," mtunza makaburi akasema. "Alisema walikuwa na maneno yao wawili."